Nilisaini Mwaka Mzima

Sehemu ya tano

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua nilivyoingia kwenye lifti ya jengo la kliniki nikiwa na miguu miwili, nikatoka na mmoja na nusu. Mnajua ilivyoteleza kutoka ghorofa ya nne mpaka chini, mimi na maboksi ya vigae ndani, na vigae vikaniangukia. Mnajua jinsi bosi wangu alivyokuja hospitali na mfuko wa machungwa pamoja na barua ya kunifukuza kazi, vyote kwa mkono mmoja.

Mnajua pia kwamba shemeji alinitafutia wakili, na kwamba tumeishtaki kampuni ya kutengeneza lifti niliyoifanyia kazi miaka kumi na moja.

Kwa mgeni anayeanza leo, hayo yanatosha. Usijisumbue kutafuta magazeti ya nyuma.

Ila kuna jambo moja ambalo hata nyinyi wa tangu mwanzo hamlijui. Sikuwaambia. Wiki nne nimewajazia ukurasa huu habari za kamba, breki na uzembe wa bosi. Mmeniandikia barua za pole, na mama mmoja ameniita shujaa. Barua ile nimeificha chini ya godoro.

Jambo lenyewe ni hili.

Kila lifti ina kadi ya ukaguzi. Umeiona, iko ukutani karibu na vitufe, ndani ya fremu ya plastiki. Ina visanduku kumi na viwili, kimoja kwa kila mwezi. Fundi anatakiwa aje kila mwezi, apande mpaka chumba cha mashine, afungue breki aitazame, apime kamba, kisha ashuke na kusaini kisanduku cha mwezi huo.

Sisi tulikuwa na utaratibu wetu. Tuliuita kusaini mwaka.

Kila mwanzo wa Januari bosi alileta karakanani bahasha ya kaki yenye kadi mpya kumi, za majengo kumi. Tulikuwa mafundi watatu. Mimi ndiye niliyekuwa na saini nzuri, ndefu, yenye mkia, kwa hiyo kazi ile ikawa yangu. Nilikaa mezani na kikombe cha chai, nikasaini visanduku vyote, kumi na viwili mara kumi, mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha kadi zikaenda kutundikwa. Mwaka mzima ulikuwa umeshakaguliwa na Januari haijafika katikati.

Usinitolee macho. Hatukuwa majambazi. Tulikuwa watu watatu na majengo kumi, na simu za lifti zilizokwama ziliita kutwa. Aliyekwama hupiga simu. Breki inayolika haimpigii mtu simu. Tukawa tunawakimbilia wenye simu.

Na nani husoma kadi ya lifti? Mtu akiwa ndani hutazama namba za ghorofa au viatu vyake.

Basi, tuingie mahakamani.

Kesi yangu ilikuwa imeahirishwa mara nne. Mara ya kwanza faili lilipotea. Mara ya pili wakili wa kampuni aliumwa jino. Mara ya tatu hakimu alikuwa likizo. Mara ya nne sote tulikuwepo, faili pia lilikuwepo, lakini chumba walipewa watu wengine. Mara zote hizo mke wangu alinishusha kitandani kabla jua halijachomoza, akanifunga suruali kwa pini pale mguu unapoishia, na jioni akanirudisha na pini zile zile.

Hii ilikuwa mara ya tano. Wakili wangu, mwanamke mfupi ambaye mimi na mke wangu tunamwita Cherehani kwa jinsi anavyoongea bila kupumzika, alikuwa amechangamka.

"Leo wataleta kadi halisi," aliniambia. "Si walituletea nakala kivuli ya kisanduku kimoja tu, cha Machi, eti lifti ilikaguliwa mwezi ule ule wa ajali? Nimewabana walete kadi nzima."

Nikajifanya narekebisha pini ya suruali. Nilikuwa nimekaa kimya tangu nakala ile ilipokuja. Aliwahi kuniuliza nani husaini kadi, nikamjibu "fundi wa zamu", akaandika.

Kadi ililetwa na Mama Funguo, mtunza jengo la kliniki. Tunamwita hivyo kwa sababu ya shada la funguo analolivaa kiunoni. Ndiye aliyefungua mlango wa lifti siku ile kwa ufunguo wake, akasukuma vigae kwa mikono, akanifunga paja kwa mkanda wa funguo zake ili damu isiniishe. Daktari aliniambia bila mkanda ule nisingefika hospitali.

Hakimu, mzee mwembamba asiyependa kurudia swali, aliipokea kadi.

"Hii ndiyo iliyokuwa ndani ya lifti siku ya ajali?"

"Ndiyo, mheshimiwa," Mama Funguo akajibu. "Iko humo tangu Januari. Nimeitoa ukutani leo asubuhi kwa bisibisi."

Hakimu aliitazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Karani, leo ni tarehe ngapi?"

"Septemba kumi na nane, mheshimiwa."

"Basi mbona hapa Desemba imeshakaguliwa?"

Bosi wangu, aliyeketi benchi la mbele na suti yake ya kahawia, alianza kukagua kucha zake.

Cherehani alisimama kama aliyekalia sindano. "Mheshimiwa, mteja wangu aliumia Machi. Aprili na Mei alikuwa kitandani, mguu umekatwa. Kuanzia Juni ameshafukuzwa kazi. Atasainije kadi? Na saini zote ni za mkono mmoja. Saini ya mteja wangu imeghushiwa."

Wakili wa kampuni alinong'ona na bosi. Nilifikiri atapinga. Badala yake alisimama akitabasamu.

"Mheshimiwa, hata sisi tumeshangaa. Kampuni haitunzi kadi. Kadi hutunzwa na mtunza jengo. Kama kuna kughushi, kumefanyika huko."

Miezi yote hii mawakili hawa wawili walikuwa hawajakubaliana hata juu ya tarehe ya kikao. Leo walikubaliana, na walikubaliana kumtupia Mama Funguo.

"Mama," hakimu akamgeukia, "nani alisaini kadi hii?"

"Mimi niliipokea ikiwa hivyo hivyo, mheshimiwa. Nikaitundika."

"Ikiwa na Desemba?"

"Mimi nasoma namba za funguo, mheshimiwa. Kadi ni ya mafundi."

Askari aliyekuwa mlangoni alisogea hatua mbili karibu na benchi lake.

"Kughushi hati ya usalama ni kifungo," hakimu alisema. "Tunapumzika nusu saa. Tukirudi, mdai ataapa na kuiambia mahakama kama saini hizi ni zake."

Kwenye korido Cherehani alikuwa haoni haya kucheka.

"Kesi imekwisha, fundi. Imekwisha. Wewe utapanda kizimbani useme maneno mawili tu. Si zangu. Basi. Mguu wako utalipwa, na kampuni itajua haijui."

"Na Mama Funguo?"

"Mama Funguo ana mdomo, atajitetea."

"Wakili," nikasema, "na kama ni zangu?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mwanamke yule alinyamaza. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Sikusikia ulichosema," akasema polepole. "Sikusikia, kwa sababu nikisikia siwezi kukupandisha pale ukaape uongo. Umenielewa? Nakwenda kunywa maji."

Akaniacha hapo. Miezi yote hii ananihimiza nimwambie kila kitu, na siku nilipomwambia akaenda kunywa maji.

Mke wangu hakuwa na haja ya kuambiwa. Kila Januari ndiye aliyenipashia maji ya moto niloweke vidole.

"Sema si zako," akasema.

"Mama Funguo atafungwa."

"Na sisi je?"

"Mama watoto, yule ndiye aliyenitoa mle ndani."

"Nilishamshukuru. Nilimpigia magoti. Lakini aliyekutoa mle ndani siku moja ni yeye, na anayekutoa kitandani kila siku ni mimi." Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Nimeuza friji. Nimeuza kitanda cha watoto, wanalala chini. Nakuosha, nakuvisha, nakubeba ngazi zile mpaka mgongo umepinda. Umewahi kunisikia nikisema nimechoka?"

"Sijawahi."

"Leo nasema. Nimechoka, baba watoto. Maneno mawili tu, halafu twende nyumbani."

Yote aliyoyasema juu yetu yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililonikera. Ningepata angalau neno moja la uongo katika maneno yake ningelishikilia tukagombana vizuri.

Aliondoka akaenda kukaa ndani. Mama Funguo akaja kukaa pale alipotoka, askari amemfuata kama kivuli. Nikajiandaa kwa machozi. Hakulia.

"Mguu unauma?"

"Uliokatwa ndio unauma."

"Pole." Akaziweka funguo mapajani. "Fundi, nikuulize kitu cha kazi. Ile lifti waliirudisha kazini mwezi wa tano. Wamepaka mlango rangi, wameweka na kioo. Lakini ikifika ghorofa inateleza kidogo kabla ya kusimama. Kama upana wa kiganja hivi. Ni kawaida?"

Nikamgeukia mzima mzima. "Inateleza kwenda chini?"

"Ikijaa, chini. Akiwa mtu mmoja, juu."

Watu hudhani lifti ikiachia huanguka tu. Sivyo. Upande wa pili wa kamba kuna chuma kizito kinachoning'inia. Lifti iliyojaa hukizidi chuma kile, hushuka. Lifti yenye mtu mmoja huzidiwa, chuma kinashuka na mtu anapanda, mpaka kwenye zege la paa. Kinachozuia yote mawili ni breki. Mama Funguo alikuwa ananieleza breki iliyokwisha, ile ile iliyonikata mguu. Hawakuigusa.

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia mara tatu. Kliniki iko ghorofa ya saba, fundi, wajawazito wanapanda kutwa. Meneja wa jengo akanionyesha kadi. Akasema mwezi huu fundi ameshakagua."

"Fundi gani?"

Alinitazama kama mtu anayesikitikia mtoto.

"Si saini yako, fundi? Mimi naijua. Ina mkia."

Alijua. Alisimama mbele ya hakimu na askari pembeni yake, anajua, na hakunitaja. Sikumwuliza kwa nini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku mke wangu aliponiogesha mara ya kwanza.

Tukaitwa.

Niliapa. Karani alinishikia gongo moja la kutembelea ili niinue mkono. Hakimu aliniwekea kadi mbele.

"Saini hizi ni zako?"

Nilimtazama mke wangu benchi la tatu. Midomo yake ilikuwa inatamka maneno yale mawili bila sauti, kama mwalimu anayemsaidia mtoto kusoma. Cherehani alikuwa ameinamia daftari. Bosi alikuwa anatabasamu kidogo, kwa sababu jibu la uongo lilimfaa yeye kuliko mtu yeyote: kampuni ingelipa mguu, na bahasha yake ya kaki isingetajwa.

Tabasamu lile lilinichefua.

"Ni zangu, mheshimiwa."

"Zipi?"

"Zote kumi na mbili. Nilizisaini siku moja, nimekaa, nakunywa chai. Huyu mama hajui kitu."

Benchi la tatu lililia. Mke wangu alikuwa amesimama. Alipita kati ya watu bila kunitazama, akafungua mlango, akatoka. Hakuubamiza. Aliufunga taratibu kama anavyoufunga wa chumbani watoto wakilala, nikajua nimemvunja moyo.

Wakili wa kampuni alisimama, furaha imemjaa mpaka masikioni. "Mheshimiwa, mdai amekiri mwenyewe. Mkaguzi alikuwa yeye. Aliyejikata mguu ni yeye. Tunaomba kesi itupwe."

"Sijamaliza," nikasema.

"Mheshimiwa, mdai hakuulizwa..."

"Nimesema sijamaliza." Hasira za miezi sita zilinipanda zote pamoja, za faili lililopotea, za jino lake, za machungwa ya bosi. "Kadi aliileta huyu hapa, mwenye suti ya kahawia. Kila Januari anazileta kwenye bahasha, na anasimama pale mpaka nimalize, maana alitaka bahasha irudi siku hiyo hiyo. Nimeshasema kosa langu, sasa aseme lake. Na lifti ile ya kliniki ifungwe leo, mheshimiwa. Leo, si kikao kijacho. Inateleza. Mkiahirisha tena mtaahirisha na maiti."

Wakili wa kampuni alianza kusema kitu juu ya ushahidi usio na msingi. Nikamjibu. Akanijibu. Nilimwambia aende akapande yeye na familia yake. Hakimu aligonga meza mara mbili.

"Umesema kadi zilikuwa ngapi?"

"Kumi, mheshimiwa. Majengo kumi."

"Yataje."

Niliyataja, na karani akaandika. Jengo la kliniki. Hosteli ya wanafunzi. Hoteli iliyo karibu na stendi. Ofisi za maji. Maduka ya ghorofa tano. Jengo la bima. Hapo nikasita.

"Endelea. Hayo ni sita."

"Na hili, mheshimiwa."

"Hili lipi?"

"Hili tulimo."

Bosi aliacha kutabasamu. Hakimu aliweka kalamu chini.

"Lifti niliyopanda asubuhi?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Karani," akasema, "nenda ukaizime. Sasa hivi."

Karani yule ni mtu wa kutii. Aliruka meza yake akatoka mbio. Na mimi, fundi wa miaka kumi na moja, nilisimama pale nikimkazia macho wakili wa kampuni, nikitafuta neno la kummalizia. Sikumwita karani arudi. Lifti haizimwi kama taa. Unaiita kwanza chini, unaifungua mlango, unahakikisha hamna mtu, ndipo unakata umeme. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua hivyo. Kumwambia kungenichukua sekunde tano, na sekunde hizo nilizitumia kutukana.

Hata dakika tatu hazikupita. Karani alirudi akihema.

"Nimeizima, mheshimiwa. Swichi kubwa, kule chini ya ngazi."

"Vizuri."

"Ila ilikuwa ndiyo inaondoka." Akafuta jasho. "Imesimama katikati ya ghorofa. Kuna mtu ndani anagonga."

"Mtu mmoja?"

"Mmoja, mheshimiwa. Amenijibu kwa ndani, ni huyu mama aliyetoka humu sasa hivi." Akanionyesha kwa kidole. "Wa huyu."

Gongo liliniponyoka. Mama Funguo ndiye aliyenidaka, na nilisikia funguo zake zikigonga kizimba. Umeme umekatwa, lifti ina mtu mmoja, mwepesi, amekonda kwa ajili yangu. Hakuna kinachomshikilia sasa ila breki. Chumba cha mashine kiko juu ya paa, na kufika huko ni kwa ngazi.

Hakimu alikuwa ameshatoka nyuma ya meza yake. Alinishika bega.

"Fundi," akasema, "breki ya lifti hii ikoje?"

Kila mtu mle ndani alinigeukia. Hata bosi. Miaka kumi na moja, kila Januari, mara kumi na mbili, nimeiandikia mahakama hii kwamba breki yake ni nzima.

"Sijui, mheshimiwa," nikasema. "Sijawahi kuiona."